Waliolia na Wasiolia

Ijumaa, 2 Januari 1998

Daftari hili lilikuwa la kuandikia dawa za chumba cha upasuaji. Mchwa wamekula kurasa za mbele, nimezichana, na zilizobaki nimejigawia. Mimi Pudensiana, muuguzi wa usingizi, niko kazini mwaka wa kumi na saba na sijawahi kuandika kitu kisicho na mapigo ya moyo na presha ya damu. Tuone nitafika wapi.

Mvua haijakata tangu Krismasi. Redioni wanaiita El Nino. Hapa mtaani Makanyagio tunaiita mvua, na choo cha jirani yangu kimedidimia.

Dk. Nashon amerudi kutoka masomoni na viatu vipya na maneno mengi. Anataka watoto wote wenye mafindofindo wapangwe Jumanne. Anasema kabla mtoto hajaamka tumchome dawa ya ganzi kooni pande zote mbili, kuzunguka pale tulipokata, ili mishipa ya fahamu ya mle ndani ilale hata mtoto akiamka. Nilimwuliza na yeye atalala saa ngapi, maana tangu asubuhi alikuwa anaongea. Alicheka. Bado simpendi.

Jumanne, 6 Januari

Lazima niandike ukweli hata kama unanichoma. Dawa ya Nashon inafanya kazi.

Miaka yote hii mtoto akitolewa mafindofindo tulijua atateseka. Akiamka anashika shingo, anakataa uji, anakataa maji. Mama anabembeleza, sisi tunatisha. Koo likikaa kavu kidonda kinaoza, na kidonda kikioza kinaweza kufumuka na kumwaga damu hata baada ya wiki. Kwa hiyo kunywa ndiyo dawa yenyewe, na maumivu ndiyo yanayomzuia mtoto asinywe. Nimewaambia akina mama hayo mpaka nimechoka kujisikia.

Leo mtoto wa kwanza ameamka, ametazama dari, ameomba soda. Nilidhani anaota. Amekunywa vikombe viwili vya maji na nusu ya uji wa baridi. Mama yake alinishika mikono, na nilimwonyesha Nashon kwa kidevu, kwamba amshukuru yule.

Nashon anasema ganzi inadumu saa sita au saba hivi, ila saa hizo zikishapita mtoto amekwisha kujua kwamba kumeza kunawezekana. Jioni tunaendelea na dawa ya maji ya maumivu.

Jumatano, 7 Januari

Mvua. Watoto watatu, wote wanakunywa.

Jumanne, 13 Januari

Nimeanza kuweka orodha. Kila mtoto namwandikia: analia sana, analia kidogo, halii. Nashon ameipenda mpaka ameibandika ukutani. Leo wote wanne waliochomwa ganzi: halii, halii, halii, analia kidogo. Huyo wa mwisho alikuwa anamlilia mbuzi wake.

Nadhani namwelewa Nashon sasa. Anaongea sana kwa sababu anafurahi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kufurahia kazi hii.

Ijumaa, 16 Januari

Treni haijaja. Wanasema reli imezolewa na maji upande wa Ugalla. Dawa zetu zote zinakuja na treni hiyo.

Jumanne, 20 Januari

Watoto watatu. Chupa za ganzi zimebaki nne.

Jumanne, 27 Januari

Zimebaki mbili, na moja nimeiona ina ufa, nimeitupa. Treni bado. Bati la wodi ya watoto linavuja juu ya vitanda vya dirishani. Tumeweka mabeseni.

Jumatatu, 2 Februari

Wamelazwa watoto watatu wa upasuaji wa kesho.

Mmoja ni wa mwalimu wa hapa mjini, ana miaka minane, anajua kila kitu. Wa pili anaitwa Ng'washi, miaka sita. Baba yake, Maduhu, ni mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe kutoka Shinyanga, na sauti yake inasikika hadi mapokezi. Kwanza alimpeleka mtoto kwa fundi wa kienyeji akakatwa kimeo, haikusaidia, sasa amekuja kwetu na ananiuliza kama sisi tunajua tunachofanya.

Wa tatu ni Emelyne, miaka saba, kutoka Katumba, kwenye makazi ya Warundi. Ameletwa na bibi yake, Marta, mwanamke mrefu aliyekonda ambaye hajibu salamu mpaka akutazame kwanza. Mama wa mtoto alikufa kwa uzazi, bibi ndiye anayemlea pamoja na mdogo wake, Joséline. Mafindofindo ya Emelyne ni makubwa sana, akilala anakoroma kama mzee.

Tulipotoa damu ya kupima, mtoto wa mwalimu alilia kwa adabu. Ng'washi alishikwa na watu wawili, na mmoja alipigwa teke. Emelyne alinyoosha mkono mwenyewe. Sindano ilipoingia hakupepesa macho. Mshipa ulinikimbia, nikachoma mara ya pili, mara ya tatu. Kimya. Bibi yake alikuwa amesimama nyuma yake, na kila nilipochoma alisema kwa sauti ndogo, "Hora." Nilimwuliza maana yake. Alisema, "Ni kumwambia anyamaze, sista."

"Mbona tayari amenyamaza?"

"Ndiyo. Amezoea."

Niliona ni mwanamke mgumu. Nilimhurumia mtoto kwa kuwa na bibi wa namna hiyo, na hapo hapo nikamsifia kwa ujasiri. Yote mawili nimeyafanya kwa pumzi moja.

Jumanne, 3 Februari

Chupa ya mwisho ilitosha watoto wawili, kwa kipimo tunachotumia. Watoto ni watatu.

Ningeweza kugawa kidogo kidogo wote watatu wakapata ganzi isiyofika mchana. Ningeweza kumwuliza Nashon, aliyekuwa ananawa. Nilitumia akili yangu. Nilifikiria sindano za jana nikasema, anayelia kwa sindano atalia zaidi kwa kisu. Ng'washi akapata. Mtoto wa mwalimu akapata. Emelyne alikuwa wa mwisho mezani, nikampa dawa ya kawaida ya maumivu.

Nashon alinyoosha mkono kupokea bomba la ganzi kama kawaida. Sikumpa kitu. Alinitazama kidogo, akavua glavu.

Mchana wodini: Ng'washi halii. Mtoto wa mwalimu halii. Emelyne halii.

Nilifurahi mno. Nilijiona nimepima vizuri.

Jumatano, 4 Februari

Ganzi ya Ng'washi ilipokwisha jana jioni alilia mpaka Maduhu naye akatoka nje kufuta macho, akasema ni mvua. Tulimpa dawa, akanywa uji, akalia, akanywa tena. Leo analia kidogo.

Emelyne halii. Ukimwuliza kama anaumwa anatikisa kichwa kukataa. Kikombe chake cha uji nilikikuta kitupu. Kitanda chake ni kimoja cha vile vya dirishani, na shuka lilikuwa limelowa pale anapolaza shavu. Nilimwambia mhudumu asogeze kitanda, bati linavuja.

Alhamisi, 5 Februari

Wote watatu wameruhusiwa. Hospitali imejaa malaria, tunahitaji vitanda. Nimewaambia walezi warudi Jumanne waonwe.

Emelyne nilimsifia mbele ya wodi nzima. Nilisema, "Mnamwona huyu? Hajalia hata siku moja." Watoto wetu hupenda chupa tupu za dawa, wanazichezea, na mimi huwapa waliojikaza. Nilimpa ile chupa ya mwisho ya ganzi, nimeiosha vizuri. Aliipokea kwa mikono miwili.

Shuka la kitanda chake lilikuwa limelowa tena, na kitanda kilikuwa kimeshasogezwa. Nililiona. Nakumbuka kabisa kwamba nililiona, na nikaenda kuandika ruhusa.

Ijumaa, 6 Februari

Mvua. Nimefua, hakuna kinachokauka.

Jumanne, 10 Februari

Sijui nianzie wapi, nitaanza asubuhi.

Maduhu alifika wa kwanza na Ng'washi mabegani. Mtoto amenenepa kidogo. Nilimwangalia koo, safi. Wa mwalimu naye alikuja, safi. Saa nne, saa tano, Emelyne hajafika, nikasema barabara ya Katumba ni matope, watakuja kesho.

Saa sita mchana lori la mbao lilisimama getini. Marta alishuka na mtoto kifuani, kitenge chote mbele kimekuwa chekundu, na Joséline mdogo alikuwa ameshika pindo lake. Alisema kwa utaratibu kabisa, "Sista, ametapika damu tangu alfajiri. Mara tatu." Walikuwa wamempakia kwenye baiskeli mpaka barabara kuu, wakasubiri gari.

Emelyne alikuwa macho. Alikuwa anameza. Anameza, anapumzika, anameza tena. Mtoto mwenye damu inayovuja kooni humeza hivyo hivyo, kila muuguzi wa usingizi anajua. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nilipomwambia afungue mdomo nilisikia harufu ya kidonda kilichooza. Alifungua mpaka mwisho, kama nilivyomwomba, na machozi hayakutoka.

Nilimwuliza bibi mtoto amekunywa nini wiki hii. Alisema alikuwa anakunywa kidogo, halafu akaacha. Nilimwuliza kama pale hospitalini alikuwa anakunywa. Alinitazama.

"Uji alikuwa ananipa mimi nimalizie, sista. Alisema nyie mtamkasirikia mkikuta kikombe kina kitu."

Na mate? Mate alikuwa anashindwa kuyameza, alikuwa anayaacha yatoke, kwenye shuka. Hilo sikuhitaji kuuliza.

Tulihitaji damu. Maduhu alikuwa bado benchi la nje, akanisikia naita maabara. Alikunja mkono wa shati kabla sijamaliza kueleza. Damu yake ilifaa. Alilala pale anatoa damu, yule mtu wa kelele, na hakusema neno isipokuwa mara moja, "Chukua na nyingine, mie mkubwa."

Nashon alifanya yote anayoyajua. Nami nilifanya. Mtoto aliyepoteza damu nyingi hivyo kumlaza usingizi ni hatari, kutomlaza ni hatari, na koo lote ni damu huoni pa kupitisha mpira wa hewa. Nilifanikiwa kuupitisha mara ya pili. Nashon alibana kwa pamba, akashona, ikavuja pembeni, akashona tena. Chupa ya damu ya Maduhu ilikuwa nusu imeingia moyo uliposimama. Tulikandamiza kifua dakika arobaini. Saa nane na nusu mchana Nashon alinishika kiwiko.

Kabla sijamlaza, nilipokuwa namfunika barakoa ya usingizi, nilimwambia Emelyne, "Kama inauma, lia mwanangu." Aliniangalia kuona kama ni mtego.

Marta alipoambiwa hakupiga yowe. Akina mama wa wodini walianza kulia, yeye akawaomba wanyamaze. Alimvalisha gauni la kuja nalo mjini. Hospitali ikatoa gari. Nilisimama getini kwenye mvua mpaka lilipopita kona.

Jumatano, 11 Februari

Nimechana orodha ukutani.

Ijumaa, 13 Februari

Leo nilimwendea Nashon ofisini nikamwambia ukweli wote, kwamba nilipima kwa sindano za damu. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa.

Alisema, "Nilikuona, Sista Pude."

Niliuliza aliona nini.

"Niliona hukunipa bomba. Nikajua dawa imeisha. Ningeweza kuuliza. Mtoto alikuwa ametulia, na foleni ya nje ilikuwa ndefu, nikaona tuendelee." Alikuwa anachezea kalamu. "Nilimruhusu mimi, na saini ni yangu. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako."

Tulikaa tukasikiliza bati. Niliona nywele zake zimeanza mvi, na mwezi mmoja uliopita nilikuwa namwita kijana.

Jumapili, 22 Februari

Sikwenda kanisani. Mvua ilinipa kisingizio.

Jumanne, 3 Machi

Hatujapasua mafindofindo tangu siku ile. Nashon anasema mpaka dawa ije.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda Katumba. Lori la mbao lile lile, kisha kwa miguu, mwendo wa karibu saa mbili kwenye matope mekundu. Nilibeba sukari na sabuni. Njiani nilitamani nipotee nipate sababu ya kurudi.

Marta alikuwa anachambua maharage. Alinitazama kwanza, halafu akaitikia salamu, akanipa kigoda. Joséline alikuwa sakafuni. Na yeye anakoroma akiwa macho, nilisikia mara moja, mafindofindo hayo hayo. Mkononi ana chupa yangu.

"Emelyne alikuwa anakunywa kwa hiyo," alisema Marta. "Anajaza maji, anasema huu ni mmoja, huu ni wa pili. Kikombe kilikuwa kinamtisha, hiyo chupa ni ndogo. Siku ya nne tangu apasuliwe alifika chupa saba. Siku ya tano mbili. Halafu akasema amechoka kuhesabu."

Nilimwambia. Nilimwambia dawa ilikuwa ya wawili na nilimpita mjukuu wake kwa sababu hakulia. Kwamba wale wengine walipata kwa kelele zao. Niliongea nikiangalia maharage. Nilisema naomba msamaha, na neno lenyewe nililiona dogo mno, lakini sikuwa na jingine.

Akaniambia jambo, polepole, akiendelea kuchambua.

"Mwaka sabini na mbili tulikimbia mauaji kwetu. Tulilala kwenye matete kandokando ya maji, watu kama arobaini, na askari wanapita juu. Nilikuwa na watoto wawili. Mama yake Emelyne alikuwa na miaka mitano, na kulikuwa na mdogo wake, wa kunyonya. Mdogo alianza kulia. Watu wote walinigeukia. Nikamfunika mdomo. Walipopita nikaondoa mkono."

Alitupa haragwe bovu.

"Mama yake Emelyne alikuwa anaona. Tangu siku hiyo hakulia, hata kwa uchungu wa kuzaa hakulia, akafa kimya, mkunga akidhani amelala. Nami hawa wote nimewalea hivyo. Hora, hora. Nilidhani nawapa kitu cha kuwaokoa."

Mimi nililia. Nililia mbele ya mtu mwenye haki ya kulia kuliko mimi, na sikuweza kujizuia. Joséline alikuja akaniangalia usoni kwa karibu. Nadhani alikuwa hajaona mtu mzima anafanya hivyo.

Nilikuwa nimemwita mwanamke huyu mgumu. Imeandikwa hapo nyuma, tarehe mbili Februari, na sitaifuta.

Wakati wa kuondoka nilimwambia huyu mdogo naye atahitaji kupasuliwa, asipopasuliwa atazidi kukosa pumzi usingizini. Nilimwambia anaweza kumpeleka kwingine, Tabora kuna hospitali. Alinipa maharage nikashindwa kuyakataa.

Jumatano, 25 Machi

Lori la dawa limefika kupitia Sumbawanga. Chupa ishirini za ganzi. Nashon alizihesabu, akanikabidhi ufunguo wa kabati. Nilimwambia sharti langu: dawa isipotosha wote siku hiyo, hakuna mtoto anayeingia chumba cha upasuaji. Alisema ndivyo itakavyokuwa. Na orodha mpya nimetengeneza. Haina mahali pa kuandika kilio. Ina vikombe tu, na nani aliyeona mtoto akimeza.

Jumanne, 7 Aprili

Watoto wawili. Wamekunywa. Nilikaa nao mwenyewe hadi jioni.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Jua, siku nzima. Tumeanika magodoro ya wodi.

Jumatatu, 20 Aprili

Saa nne asubuhi Marta alikuwa benchi la nje, amekaa wima, na Joséline yuko katikati ya magoti yake. Nilisimama mlangoni.

Alinitazama kwanza. Kisha akasema, "Shikamoo haifai, nakuzidi umri. Habari za hapa, sista?"

"Nzuri, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea huyu." Alimsukuma mtoto mbele kidogo. "Huyu nimemfundisha kulia."

Nilidhani sijamwelewa. Akaeleza kwamba kila jioni, tangu nilipoondoka, wamekuwa wakifanya mazoezi. Anamfinya kidogo, anamwambia atoe sauti. Mwanzoni mtoto alikuwa anakunja uso tu, hakuna kinachotoka. Halafu alikuwa anacheka. "Bado hajui vizuri," alisema Marta. "Mimi mwalimu wake pia sijui."

Wakati wa kutoa damu Joséline alimtazama bibi yake, akafungua mdomo, akasema "Aa," kwa heshima, kama anayeitikia jina darasani. Mhudumu alicheka. Mimi nilitoka nje.

Jumanne, 21 Aprili

Amepasuliwa saa tatu asubuhi. Bomba la ganzi nilimkabidhi Nashon, akachoma pande zote mbili, nikasema kwa sauti, "Amepata." Nashon akasema, "Amepata."

Aliamka vizuri. Akanywa maji kikombe kimoja, mimi na bibi tunamwangalia koo linavyopanda na kushuka. Saa saba, nusu kikombe cha uji. Nilipangusa shavu lake kwa kiganja, mto ulikuwa mkavu.

Karibu saa kumi niliona amekunja vidole vya miguu. Uso umetulia kabisa, ila vidole vimekunjwa. Ganzi ilikuwa inaisha. Nilimwuliza inauma? Akatikisa kichwa kukataa.

Marta aliona vidole. Aliinama, akaweka mkono karibu na mdomo wa mtoto, halafu akauondoa akauweka mgongoni kwake.

"Lia, mwanangu," alisema. "Hapa hakuna anayetutafuta."

Ilichukua muda. Mdomo ulifunguka bila sauti, ukafungwa, ukafunguka tena. Kisha Joséline akalia, kwa koo lile bichi, sauti mbaya ya kukwaruza iliyofika mpaka getini. Wodi nzima iligeuka. Bibi yake alikaa kitandani akaanza naye, na hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Nilimpa dawa ya maumivu saa kumi na dakika kumi. Saa kumi na moja alikunywa nusu kikombe, na nilimwona akimeza.